Alama Ndogo Karibu na Saa

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia ushujaa. Nililelewa Likoni na mama peke yake, na tangu utotoni nikivunja kikombe nilikuwa naficha vipande chini ya kitanda, kisha nangoja mwingine aulizwe. Tabia hiyo nilipanda nayo ndege mpaka Dubai.

Kazi yangu ilikuwa katika ghala moja Jebel Ali, ofisi ya stoo. Getini kulikuwa na mlinzi, mzee wa Kitanzania, mtu wa Tanga. Yeye ndiye aliyenipokea siku ya kwanza, akanionyesha pa kuswalia, akanikatia nusu ya chapati yake, na kuanzia hapo akaniita mwanangu. Wallahi, mahali ambapo siku nzima unaitwa "wewe, njoo", neno hilo lilinishika. Mimi nikamwita mzee wangu.

Kompyuta ya geti aliiwasha yeye asubuhi kwa namba ya kadi yake, na ilibaki wazi mpaka jioni. Madereva, makarani, wasafishaji, sote tuliitumia kwa jina lake. Kampuni ilikataza, lakini nani angemwambia mzee afunge jina lake ili mwingine afungue la kwake? Ingekuwa kama kumwambia hatumwamini. Kwetu cha mzee ni cha wote, na yeye mwenyewe alifurahi kuona watu wamejaa mezani pake.

Mwaka jana mama alipigwa na kiharusi. Upande mmoja ukalala, maneno yakapotea, na kula akagoma. Dada yangu alihangaika na uji, kijiko kinagonga meno tu. Siku moja ya mapumziko nikaazima simu ya jirani iliyokuwa na njia ya kupenya, dada akampelekea uso wangu kwenye video, na mama akafungua mdomo. Ikawa ndiyo dawa. Kila saa nne asubuhi, saa tatu ya kwetu, lazima mama anione ndipo ale.

Sasa simu zetu zilifungiwa kabatini tukiingia kazini, na ile programu aliyoizoea dada yangu hupigi nayo simu ya video Dubai, njia imezibwa. Nikaenda kwenye kompyuta ya geti nikaweka VPN, programu inayoufanya mtandao udhani uko nchi nyingine. Nilijua ninachofanya. Kampuni ilikuwa imeshatutangazia: atakayekutwa na VPN kwenye kompyuta ya kazi anakanseliwa viza, anarudi kwao, khalas.

Mzee alijua naongea na mama. Tena alikuwa akichungulia juu ya bega langu na kumpungia mkono: "Kula, dada yangu, kula, mwanao huyu hapa." Asichokijua ni njia niliyopitia. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, hii alama ndogo hapa karibu na saa ni ya nini?"

"Ya printa hiyo, mzee wangu. Usiiguse, printa itagoma."

Akaitikia, na hakuigusa tena.

Basi kirusi kikaingia kwenye kompyuta za ghala, zikawa zinajikokota. Sir wetu, msimamizi wa ghala, akaniita. Alijua nina cheti cha kompyuta kutoka Mombasa, akanitaka nimtafutie kila programu inayofanya kazi katika kila kompyuta. Ah, kichwa kikanivimba! Nikaandika skripti, mistari michache tu ya maagizo. Ukiirusha, inabisha hodi kwa kila kompyuta ya ghala, inachukua majina ya programu zote zinazoendelea, na pembeni ya kila jina inaandika namba ya kadi ya aliyeingia. Na kwa kutaka sifa nikaongeza mstari wa mwisho: orodha ikikamilika, iende yenyewe moja kwa moja kwenye barua pepe ya sir.

Siku yenyewe mama alikula vizuri. Nilipomaliza nikafunga dirisha la simu nikarudi stoo. Kabla ya chakula cha mchana sir akasimama mlangoni: "Yalla, irushe sasa." Nikawaza geti mara moja tu, nikajiambia dirisha si nimelifunga? Nikabonyeza.

Mtu mwenye cheti! Kufunga dirisha si kuizima programu. Ile alama ndogo karibu na saa ndiyo ilikuwa VPN yenyewe, iko macho nyuma ya pazia. Nilikumbuka hilo orodha ilipokuwa tayari inateremka mbele yangu. Stoo, safi. Uhasibu, safi. Geti: jina la VPN, na pembeni yake namba ya kadi ya mzee.

Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza, lakini shati lilinilowa mgongoni. Nilitaka kuufuta ule mstari, nikakumbuka orodha imeshajituma. Nikatoka mbio kwenda geti niizime, ingawa nilijua hakuna cha kuzima tena. Njiani nikakutana na mzee anakuja, kofia mkononi.

"Sir ananiita," akasema. "Unajua kuna nini?"

Nikasema sijui. Ulimi ulisema wenyewe, na mimi nikauacha useme.

"Twende wote basi, wewe Kiingereza chako kizuri."

Mzee yule alikuwa na binti wa mwisho chuoni, mwaka wa pili wa uuguzi, na umri wake ulikuwa ule ambao ukikanseliwa huku hakuna ghala litakalokuchukua tena. Yote hayo nilikuwa nayajua. Alikuwa amenieleza mwenyewe, tukila chapati.

Sir alikuwa ameichapa ile orodha na kuuzungushia mstari mmoja kalamu nyekundu. Akauliza kwa ukali nani ameweka kitu hiki. Nikatafsiri, sauti yangu mwenyewe siitambui. Mzee akainama, akaitazama karatasi kwa adabu, akatabasamu.

"Mwambie ni ya printa," akaniambia. "Hatuigusi."

Sikutafsiri. Sir alikuwa ameshalidaka neno "printa", akacheka kicheko kibaya. Akaweka kiganja mezani. "Kadi."

Mzee akanitazama. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Alikuwa anangoja nieleze, maana mimi ndiye mjuzi, mimi ndiye mwanawe. Nikaona jina langu juu ya tiketi ya ndege. Nikamwona mama na mdomo uliofungwa. Nikaona vile vipande vya kikombe, na Mungu anisamehe, nikanyamaza. Mzee akavuta kamba shingoni, ikakwama kwenye sikio, akaikwamua taratibu. Kadi ikagusa meza.

Hapo ndipo niliposema. "Ni mimi, sir. Yeye hajui chochote. Nilimdanganya." Nikarudia kwa Kiswahili ili na yeye asikie.

Sir alifoka mpaka akachoka. Mwishoni hakunikanseli. Alinipa barua ya onyo la mwisho, nikaweka sahihi, kwa sababu moja tu aliyoisema mwenyewe: hakuna mwingine anayeijua ile skripti. Akaamuru iwe inajirusha kila saa, na niisome mimi. Mzee alirudishiwa kadi yake bila kuombwa radhi.

Nilimfuata getini siku hiyohiyo. Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu, niliogopa."

"Niliona," akasema. Akavaa kofia yake. "Ulingoja mpaka nikaiweka kadi." Kisha lori likapiga honi, akaenda kulifungulia.

Siku hizi narekodi uso wangu jioni chumbani kwangu, mtaa wa Rashidiya, dada anamwonyesha mama asubuhi. Siku nyingine anakula, siku nyingine anageukia ukuta, anajua si mimi. Na kila saa orodha inashuka kwenye kioo changu, na kila inapofika geti moyo unanipaa, ingawa najua kwamba ni safi. Sasa kila mtu anaingia kwa jina lake. Meza ya mzee haina watu tena.

Naye hanichukii, hapana. Asubuhi nikifika anasimama wima kabla sijamkaribia, ananifungulia geti kwa mikono miwili, na hanitazami usoni.

"Good morning, sir," ananiambia.