Matusi ya Mama Yaliyokwama

Mama na mdogo wake, anayeishi Ubelgiji, hawagombani kwa simu. Kwa simu, anasema Mama, mtu anaweza kukukatia. Wanagombana kwa barua pepe, tena yenye kichwa cha habari, kwani wote wawili walikuwa makarani na tusi lisilo na kichwa wanaliona ni uvivu. Safari hii walikuwa wanabishana ni nani aliyeunguza sambaza, vile visamaki vya ziwani, siku ya ubatizo wangu. Mimi sasa nina mvi.

Basi kwa kiherehere changu nikaiwekea kompyuta ya Mama mfumo mpya. Tangu hapo barua zikawa zinaingia lakini hazitoki. Mama mdogo anatukana, Mama anasoma, anajibu, jibu linabaki palepale na alama nyekundu.

“Njo weye uliharibisha!” akanifokea, yaani ndiye mimi niliyeharibu. “Ananitukana, na miye niko nanyamaza sawa mutu wa hatia!”

Nilizima, nikawasha. Nilibadilisha intaneti. Nililala chini ya meza kukagua nyaya, wakati waya wenyewe ni mmoja tu, wa chaja. Mama akaleta maji ya baraka, nikamwahi kabla hajamwaga kwenye vitufe. Nilitamani kuitupa kompyuta ziwani.

Kumbe huko Ubelgiji kimya chetu kilikuwa kinafanya kazi. “Ujinga Wako” ikafuatwa na “Mbona Unanyamaza?”, kisha “Dada, Uko Mugonjwa?” Mwisho ikaja moja isiyo na kichwa kabisa: “Unisamehe. Njo miye niliunguza sambaza. Unijibu tu.”

Mama alivua miwani akalia, akaenda kunawa uso. Nilimwonea huruma, nikasema lazima aweze kumjibu mdogo wake. Nikachimba tena kwenye mipangilio, na ugonjwa nikauona: mfumo mpya ulikumbuka neno la siri la kupokea, la kutuma ukalisahau. Nikaliandika, nikabonyeza kwa fahari.

“Nimeshinda,” Mama akasema akirudi, uso unang'aa. “Futa yangu yote ile, mbio!”

Kompyuta ikatoa mlio mzuri. Matusi yote yakaondoka kwa mstari, “Kichwa Ngumu” mbele, “Hata Marehemu Mama Alijua” nyuma.

Tukatazamana. Niliogopa kweli. Kwa mama yao wamebaki hao wawili tu.

Simu ikalia. Mama akakataa kuishika, nikapokea mimi, nikaweka sauti kubwa.

“Aksanti Mungu!” Mama mdogo alikuwa analia na kucheka. “Uko muzima! Nilizani umekufa, bananificha!”

“Niko,” Mama akajibu kwa sauti ndogo.

“Basi sikia. Sambaza, njo weye uliunguza.”

Akakata.

Mama alifuta machozi, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniondoa kitini, akavaa miwani, akaanza kutafuta kichwa.