Herufi Nono za Kikopey

Mzee aliyenifundisha kuandika kuta alikuwa na jicho kali na mdomo mchafu. Alichora kwa mkono maandishi ya bucha za nyama choma za Kikopey, kando ya barabara kuu: herufi nono, zisizo na mikia wala pembe, ncha zake zimeviringana kama vidole gumba. Dereva anayekuja kwa kasi lazima asome NYAMA kabla hajaipita, alisema, na herufi nyembamba humezwa na moshi wa choma. Siku niliyochora O iliyokaa sawasawa na mstari, alinipiga kofi la kisogoni.

"Mviringo upite mstari kidogo, mjinga wewe! La sivyo utaonekana umenyauka."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nilipofungua duka langu la kuchapisha mabango huko mjini, mtaa wa Section 58, nilizunguka na simu nikipiga picha kuta zake zote. Kwenye kompyuta nikazifuatisha herufi zake moja moja, hata lile tundu la A aliloliacha kubwa ili unene usilizibe. Sikumwambia. Haukupita muda zikawa kwenye vinyozi, kwenye mageti ya chekechea, kwenye magunia ya viazi vya Keringet, hata kwenye programu za mazishi, ambako zilionekana kama zinamcheka marehemu. Watu walisema ni zangu, nami nikaitikia. Wanaosema shukrani ya punda ni mateke wananijua vizuri.

Mwaka jana mwenye bucha mmoja wa Kikopey alituita sote wawili. Ukuta ulikuwa mmoja: achukue rangi ya mzee au bango langu la plastiki. Mzee hakuwa na kazi nyingine, maana mabango yangu yalikuwa yameshafunika kuta zake zote. Alifika na brashi zake amezifunga kwa kitambaa, akachora neno moja la mfano mbele yetu.

Mwenye bucha alitazama ukuta, akatazama bango, akacheka.

"Mzee, si hizi ni herufi za huyu madam? Unamkopi na umri wako?"

Mzee aligeuka akanitazama mimi, akangoja. Neno langu moja lingetosha kumpa ukuta ule. Niliona haya, siwezi kukana, lakini chini ya haya kulikuwa na furaha, nayo ndiyo iliyozungumza.

"Wengi wananikopi, boss," nilisema. "Nimezoea."

Mwenye bucha akamwambia asiondoke kabla ya kufuta alichochafua. Mzee akafungua mkebe wa rangi nyeupe, akalifuta neno lake herufi baada ya herufi, bila haraka. Mimi nikapanda ngazi kupigilia bango. Ngazi ikayumba. Akaweka brashi chini, akaja akanishikia.

"Inua kushoto," alisema. "Limelala."

Nikainua.