Vasanti na Vidonge Nilivyomgawia Kizito

Ukimwona Vasanti akishuka kwenye basi Wembley na mfuko wa mboga, utadhani ana duka. Yeye ni mtaalamu wa jeni. Jeni ni maelekezo yaliyo ndani ya mwili. Moja ikiharibika kwenye pafu, saratani inaweza kuanza hata kwa mtu ambaye hajagusa sigara. Mimi sijagusa na bado ilinipata, na daktari nilimjibu hivyo mara tatu, kwa sauti.

Alizaliwa Tanga, akaletwa hapa ana miaka tisa. Miaka ishirini na sita yuko maabara, anatafuta dawa za kupiga ile jeni mbovu na kuiacha salama sehemu nyingine ya mwili. Dawa yake ya kwanza, aliyoihangaikia miaka minane, ilishindwa. Siku hiyo alirudi nyumbani akapika chapati arobaini. Mumewe, Jitendra, akazila wiki nzima bila kuuliza. Keshokutwa yake Vasanti akarudi kazini.

Tulijuana hospitali. Mkalimani wa simu alinichanganya, nesi akaenda kumwita yeye kutoka maabara ya hapo hapo. Kiswahili changu ni cha Uvira, tukachekana kidogo, tukaelewana. Kipande cha pafu langu kilionyesha kosa la jeni linalojulikana, nikapewa vidonge, kimoja kila siku. Mwezi wa tatu nilikuwa napanda ngazi za ghorofa yetu Peckham bila kupumzika.

Sasa, kanisani kwetu kuna Kizito, fundi cherehani. Naye alionekana ana uvimbe kwenye pafu. Hospitali walimwita watoe kipande kwa sindano, akaogopa. Mimi nikamgawia vidonge vyangu: leo mimi, kesho yeye. Kwetu Uvira ukipona malaria, vidonge vilivyobaki ni vya jirani. Kizito akaacha kabisa kwenda hospitali. Atobolewe kwa nini, na dawa anayo?

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja Vasanti akaja kunisalimia, akauliza kama nameza kila siku. Nikamweleza yote, tena kwa fahari. Akaweka kikombe chini.

“Mama Beatha, umempa mtu dawa yako?”

“Ndugu yangu wa kanisa. Ulitaka nimwache afe?”

“Inapiga kosa moja tu. Kama yeye hana kosa hilo, anameza bure na uvimbe unakua. Na wewe ukirukaruka siku, wako utarudi.”

Nikamwambia yeye ni mtu wa maabara, asinifundishe habari za wagonjwa. Hakubishana. Alivaa koti, akaniomba nimpeleke kwa Kizito.

Huko alikaa saa mbili. Hakumgombeza. Alimweleza sindano inaingia wapi, inauma kiasi gani, majibu yanachukua siku ngapi. Kizito akamuuliza, wakilikuta hilo kosa, kidonge atapewa? Vasanti akasema daktari wake atampa.

“Na wasipolikuta?”

“Basi kidonge hicho si chako, baba. Daktari atatumia dawa nyingine. Lakini hutapoteza siku zaidi.”

Kizito alikwenda Jumanne, nami nikamsindikiza. Majibu yakaja: jeni yake imeharibika mahali pengine, na kidonge cha hapo bado hakijapatikana. Sasa anawekewa dawa kwa mshipa kila wiki tatu. Ile miezi miwili nilimpotezea mimi, na nimemwambia hivyo mbele ya watu. Akasema, “Yaya,” yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu, “ulinigawia ulichokuwa nacho.” Afadhali angenitukana.

Wiki iliyopita Vasanti alikuja wodini na karatasi ya kuomba ridhaa. Alitaka kipande kilichobaki cha pafu la Kizito akakichunguze, maana kosa kama lake ndilo anahangaika nalo siku hizi. Kizito akauliza dawa itatoka lini.

“Sijui. Huenda isikufikie wewe.”

Kizito akaisoma karatasi mpaka mwisho, polepole. Mkono wa kulia ulikuwa na mpira wa dawa. Akaniomba nimshikie karatasi isiteleze, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.