Ulimi wa Mwende na Sahani za Bi Zuhura

Hapana, hakuzaliwa na hiyo kalamu. Huyo Mwende mnamsoma kwa gazeti kila Jumamosi, akiingia hoteli mpishi anatetemeka, mimi nimemwona akilamba mwiko wa watu. Shule mimi sikuingia, kwa hivyo mjukuu wangu ndiye hunisomea, na sauti ya puani: "Supu hii inakosa uthabiti." Uthabiti gani? Enzi zetu pale mtaani Jericho, Mwende alikuwa anasema "hii ni maji" na kila mtu ameelewa.

Tulikuwa watoto wa mlango kwa mlango. Babake alichonga vinyago, wangu aliendesha lori. Jioni majiko yakiwashwa, Mwende anapita na pua mbele kama askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, halafu anakuja kutangaza pale kwa bomba: "Kwa kina Nduku maharagwe ni mawe. Kwa kina Otieno omena imeungua, lakini chini tu." Akina mama wanamtukana, na kesho yake wanapika vizuri. Mamangu hakuogopa polisi, lakini alikuwa anasema, "Funika sufuria, Mwende huyo."

Mwezi wetu mtamu ulikuwa Ramadhani, sisi Wakristo ambao hatukufunga hata saa moja. Bi Zuhura, mama Mswahili wa mlango wa tatu, alitoa futari kwa kila nyumba. Mbaazi za nazi, mahamri, mkate wa sinia unanukia iliki mpaka kwa choo. Saa kumi na mbili tumekaa kwa ngazi yake, tumenawa hadi viwiko, tunangoja adhana kuliko wenyewe. Naye, akivuta maneno polepole: "Hawa watoto wa kanisani watakuja kufuturu kabla yangu."

Lakini sahani ya mtu hairudi tupu. Mama Mwende, Mkamba wa kujivuna, alikuwa anairudisha na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Bi Zuhura anapokea kwa mikono miwili: "Mungu akuzidishie, mama." Anaingia nayo ndani. Mpaka siku moja Mwende, katika kunusanusa kwake, akazunguka nyuma ya nyumba na kukuta muthokoi wa mamake umemwagwa mbele ya kuku. Mimi na wewe tungenyamaza. Yeye akaenda moja kwa moja kwa bomba, akina mama wote, Bi Zuhura pia, wako kwa laini ya maji, akatangaza.

Nilimfinya huyo msichana mkono mpaka leo nasikia vidole. Siku kumi za futari zilikuwa zimebaki.

Hawa wajukuu wangu wa Njiru hawawezi kuelewa. Jirani wanamjua kwa rangi ya geti. Chakula kinakuja na pikipiki, na kabla uguse, "Shosh, ngoja, tupige picha kwanza," mpaka chipsi zimelala kama mgonjwa. Chumvi ikizidi wanaandikia simu. Sisi tuliambiana kwa uso, tukanuniana, na bado nilijua kila nyumba inapika nini. Siku hizi nakula peke yangu chakula kizuri sana, na sijui jirani amekula ama amelala hivyo.

Basi, pale kwa bomba Mama Mwende akaweka debe chini. "Zuhura, huyu mtoto anadanganya?"

Bi Zuhura, koo kavu tangu alfajiri, akatazama pembeni. "Watoto hao, mama. Waache."

"Anadanganya ama hadanganyi?"

"Mungu ndiye ajuaye."

Sisi watoto tuliomba aseme uongo mmoja tu, mdogo. Lakini Mama Mwende alikuwa ameshika kiuno. "Wewe umefunga, hauwezi kudanganya. Niambie hapa mbele ya watu, muthokoi wangu umelishwa kuku?"

Bi Zuhura akavuta pumzi. Alichosema kilikuwa kifupi, na baada yake hakuna sahani ilivuka ule uwanja tena mpaka siku alihama:

"Nimewapa, mama. Na wao pia wameukataa."