Vumbi Nililoliacha Chini ya Kiti

Kazi ya nyumba sikuifundishwa darasani. Nimeifanya miaka ishirini katika nyumba ya wageni ya parokia moja ya Kiprotestanti kule Butembo, tena kwa Kifaransa cha wachungaji. Sufuria niliyoiosha mimi unaweza kujitazamia meno. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba nikitaka kazi Beni ni lazima kwanza nijue kusema "fagia" kwa Kiingereza, nilikasirika. Nikasema ufagio hauna lugha. Niliyasema hayo mapema mno.

Beni nilikuwa nimeifuata kwa ajili ya mama. Vita vilimtoa shambani kwake Eringeti, akapanga chumba kimoja chenye uwanja mdogo huko Mulekera, mjini Beni, na hapo akakataa kusogea tena. Butembo kuna baridi, alisema, na akiwa mbali kiasi hicho nani atamletea habari za shamba lake? Siku moja alianguka nyuma ya nyumba akiwa na ndoo ya maji, akalala pale toka asubuhi mpaka jirani alipokuja kuomba kaa la moto. Niliposikia, nilimwomba mchungaji ruhusa ya mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo nipate kazi Beni, au nirudi Butembo na kumwacha mama peke yake na ndoo yake.

Kazi ilikuwapo. Mama mmoja mzungu, mfanyakazi wa shirika, alikuwa amepanga nyumba upande wa Ruwenzori, hapo hapo Beni, na alitafuta mtu wa usafi. Kifaransa hakukijua hata cha kuombea maji.

Mwalimu wangu akawa yule jirani aliyemwokota mama. Mumewe ni mchukuzi, Mwislamu mwenye lori linalokwenda Kasindi na kurudi. Jirani mwenyewe alikulia Uganda, na Kiingereza anakitumia kama chumvi, anakitia kila mahali. Alinifundishia jikoni kwake, nami niliandika katika daftari la shule kama sikio langu lilivyopokea. Fagia ni swip. Pika ni kuk. Tulipofika kwenye maji, nikapotea. Sisi hunawa mikono, huoga mwili, huosha vyombo na kufua nguo. Yeye alishika sahani akasema wosh. Akashika shati la mumewe, wosh. Akajisugua uso, wosh.

"Ni ile ile?" nikamuuliza.

"Ni ile ile, yaya," akajibu. Aliniita yaya, dada mkubwa, ingawa mwalimu alikuwa yeye.

"Na mutu akisema tu wosh, nitajua namna gani kama ni sahani ao ni mimi?"

"Utaangalia kile iko mu mikono yake."

Nikaandika: tazama mikono. Lilikuwa shauri jema, lakini liliniogopesha. Lugha gani hii inayokutaka umchungulie mtu mikono?

Wiki ya pili tukaingia katika mwenendo wa siku. Nilitakiwa kukariri tangu kuamka hadi kulala: naamka, napiga mswaki, natandika kitanda, nakunywa chai, nafagia nyumba. Nilikariri nikipika, nikakariri nikichota maji, mpaka mama akauliza kama nimeingia kanisa jipya. Nikamtafsiria. Akasikiliza hadi mwisho, mkono shavuni.

"Na huyu mutu," akasema, "anaamuka na hapana ambia mutu wavukire?"

Kweli. Kwetu hujagusa ufagio kabla hujasema wavukire kwa kila aliye ndani, uulize amelalaje, na mguu unaouma umelalaje nao. Katika daftari langu hapakuwa na hata mtu mmoja wa kusalimiwa. Nilimuuliza mwalimu sentensi ya salamu inakaa wapi, kabla ya mswaki au baada yake. Akasema haimo. Nikamwambia basi huyo mtu anaishi peke yake, maskini. Akacheka, lakini mimi sikuwa natania. Nilikuwa nimechanganyikiwa kweli, na siku zilikuwa zinakwisha.

Niseme pia habari ya ufagio, maana ndio ulioniponza. Mama alitulea na sheria zake. Mgeni akiwa ameketi, hufagii mbele yake. Ukifagia umemwambia muda wake umekwisha, aondoke pamoja na takataka. Miguu yake ndiyo huikaribii kabisa. Na msafiri akitoka, hufagii nyuma yake mpaka habari ije kwamba amefika, usije ukamfutia njia. Baba alipokuwa akienda sokoni mbali, mama alificha ufagio juu ya dari, nasi tukaishi na maganda ya ndizi mpaka baba atume neno. Sheria hizi sikuwahi kuzifikiria. Zilikuwa mikononi tu, kama kushika kijiko.

Siku ya kujaribiwa nilipanda pikipiki mapema, kitenge kimepigwa pasi. Askari wa lango akanifungulia. Yule mama mzungu alinipokea kwa uso mzuri, akanipa mkono, akaniuliza jambo ambalo nililijua: asubuhi huwa nafanya nini? Nikamwaga yote, toka mswaki hadi chai, bila kukwama. Nikaongeza salamu yangu mwanzoni kwa Kinande, lugha yetu, kwa sababu sikuweza kuvumilia. Akatabasamu. Nikajiona nimeshapata, nikaanza hata kupanga njia ya kurudi Mulekera kila jioni na kumkuta mama amekaa mlangoni.

Kisha akaketi. Alivuta kiti katikati ya sebule, akashika kikombe cha kahawa na makaratasi yake, akanionyesha ufagio pembeni, akasema, "Plizi, swip."

Swip nililijua. Katika daftari zima hilo ndilo neno nililolijua kuliko yote, la kwanza kabisa, juu ya ukurasa. Nikachukua ufagio, nikasimama, nikangoja ainuke.

Hakuinuka. Nikatabasamu. Naye akatabasamu. Akarudia polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji: swip. Nikaitikia kwa kichwa. Nikafikiri labda anamalizia kahawa. Nikaenda jikoni nikaosha vikombe vitatu vilivyokuwapo, nikavipanga, nikarudi. Alikuwa pale pale. Sasa akaweka makaratasi chini, akafanya kwa mikono yake yote miwili mwendo wa kufagia, kushoto na kulia, hewani.

Nilitaka kumweleza. Mungu anajua nilitaka. Lakini daftari langu lilikuwa na amri tu, halikuwa na sababu. Halikuwa na "kwa heshima yako", wala "ukiinuka kidogo". Nikatafuta, nikapata maneno mawili.

"Yu sit," nikamwambia.

Akajitazama. Kweli, alikuwa ameketi. Akakubali kwa kichwa kwamba ameketi. Tukatazamana, watu wazima wawili wenye akili zao, kila mmoja akingoja mwenzake aelewe.

Basi nikaanza kufagia kandokando ya kuta. Nilifagia pembe zote, nikafagia chini ya meza, nikasogeza viti vingine, nikaizunguka sebule mara ya pili. Nilipokaribia kiti chake, yule mama, kwa wema wake wote, akainua miguu juu ili nipite. Miguu hewani! Kama mama yangu angeniona nafagia chini ya miguu ya mtu aliyenipokea kwa mkono, angeuliza nimelelewa na nani. Nikamzunguka. Nikakusanya uchafu wangu, nikautupa, nikarudi, na pale katikati ya vigae vinavyong'aa kulikuwa na duara la vumbi, na yeye juu yake kwenye kiti. Akalitazama lile duara. Akanitazama mimi. Akasema asante kwa Kiingereza, na hilo pia nililielewa.

Siku mbili baadaye askari wa lango akanipigia simu.

"Mama, pole. Balichukua mwingine. Madame anasema weye ni mutu muzuri, lakini hauelewe Kiingereza."

Niliudhika mpaka nikacheka. Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa mwalimu.

"Swip nilikufundisha siku ya kwanza!" akapiga kelele. "Ulisahabu?"

"Nilielewa."

"Donc juu ya nini haukufagia?"

"Alikuwa ameikala mu kiti."

Akachochea makaa kwenye mbabula. "Ah, yaya," akasema. "Ile sikufikiria. Kule Uganda mimi nafagia tu, hapa sifagie kama mutu ameikala. Sijui juu ya nini." Naye akabaki amechanganyikiwa, tukawa wawili.

Mama ndiye aliyenimaliza. Nilimsimulia yote nikitegemea anisifu, maana nilikuwa nimeitii sheria yake mbele ya mzungu. Akanyoosha mguu wake mbovu.

"Ile nyumba ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya yeye."

"Sasa mugeni alikuwa nani?"

Jibu lake nalitafuta mpaka leo. Nilikuwa nimemfanya mgeni ndani ya nyumba yake, kwa sababu ametoka mbali; na mimi niliyeingia kwa kupanda pikipiki, mgeni wa asubuhi moja, nilijiona mwenyeji kwa sababu ufagio ulikuwa mkononi mwangu. Lakini je, angekuwa mama yangu mwenyewe ameketi pale, ningefagia? Ningemwomba ainuke. Nikizidi kufikiri nazidi kupotea. Ninachojua ni kwamba mwezi uliisha.

Asubuhi ya safari nilijaza madumu yote maji, nikayapanga karibu na kitanda ili mama asitoke nje na ndoo. Nikamwachia jirani ufunguo wa pili. Mama alikaa mlangoni, hakulia, mimi ndiye niliyelia. "Enda," akasema, "usichelewe gari."

Alasiri nilifika Butembo, nikiwa na baridi na vumbi la barabara, nikampigia. "Nimefika, mama. Sasa unaweza kufagia."

"Asante," akasema. "Mungu alikulinda."

Siku ya nne jirani akanipigia, sauti yake si ya kawaida. Alikuwa amekwenda kumsaidia mama usafi, akakuta uwanja umejaa majani na maganda, na nyumbani hakujafagiwa tangu niondoke. Alipotaka kufagia yeye, mama alimnyang'anya ufagio na kuukalia.

Nilimpigia mama hapo hapo. Nilikuwa nimesimama katika korido ya nyumba ya wageni, ndoo mkononi, vyumba sita vinaningoja.

"Mama, ni nini tena? Si nilikuambia nimefika?"

"Nilisikia," akasema. "Ulifika Butembo. Lakini hapana kule mimi niko nakungojea. Niko nakungojea ufike hapa."