Maana Niliyopewa Dabaso

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri Mkuu alinikabidhi kisanduku cha mbao, bunda la kadi tupu na penseli mbili, akaniambia nisiguse kalamu ya wino mpaka aseme yeye. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, Malindi mjini. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika sherehe, yaani yale maelezo ya maneno magumu yanayowekwa mwishoni mwa kitabu cha mashairi. Majirani waliposikia nimeajiriwa Kitengo cha Sherehe walinipongeza sana, na mmoja akaniuliza kama pilau tunapika wenyewe au tunakodi wapishi.

Vijana mnaotafuta kila kitu kwenye simu, acheni niwaeleze kadi ilivyokuwa. Kadi moja ilibeba neno moja. Juu uliandika neno, katikati ukaandika mshororo, yaani mstari wa shairi lilimokutwa neno hilo, na chini ukaandika maana. Nyuma yake yaliandikwa majina ya mashahidi watatu. Hao ni watu waliokupa maana hiyo, kila mmoja ameulizwa peke yake, bila kumsikia mwenzake.

"Ukiniletea neno tupu sitalipokea," Mhariri Mkuu aliniambia. "Niletee na mshororo linamokaa. Na mashahidi wako wasiwe wamekunywa chai pamoja."

Nilicheka, nikidhani anatania. Yeye hakucheka.

Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Neno nisilolijua lilinifuata hadi sokoni. Nilimuuliza muuza samaki, nilimuuliza imamu, nilimuuliza mama mkwe wangu aliyekuwa hanipendi. Wakati mwingine jibu lilikuwa jepesi, kama neno "kuwata" linalojaa katika tungo za zamani, ambalo ni "kuacha" tu kwa lahaja za huku kwetu. Mengine yalichukua miaka. Furaha ya neno kufunguka siwezi kuieleza, ila nitasema kwamba niliwahi kusahau kwenda kumchukua mke wangu hospitali kwa sababu yake, na mpaka leo ninakumbushwa.

Baadaye nilihamishiwa Kilifi, chini ya Msimamizi wa Nyanjani. Huyu alikuwa mtu wa mbio. Alitaka nyimbo za kazi na za watoto, za kutwanga, za kubembeleza, za michezo, na alitaka kadi nyingi kila Ijumaa. Ndivyo nilivyofika Dabaso kwa Bi Mwanaheri, msokota kamba.

Siku hizo kamba za nazi zilikuwa bado zina wanunuzi. Makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, yalifukiwa katika tope la hori, ule mkono wa bahari, miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha yakafukuliwa na kupondwa kwa rungu hadi zikabaki nyuzi safi ziitwazo usumba. Usumba huo ndio uliosokotwa kwa kiganja juu ya paja. Bi Mwanaheri alikuwa akisokota huku akiimba:

Sokota mwana, sokota,
mkono usije sita,
kidengwe ukikiwata
mwenzio atakikuta.

Niliposikia "kidengwe" nilichomoa penseli. Sikuwa nimelikuta popote.

"Bibi, kidengwe ni nini?"

Alinitazama. Akaitazama penseli yangu. Akatazama sinia la mbaazi na mahamri alilokuwa ameniandalia.

"Ni chakula, mwanangu," akasema. "Kile anachowekewa aliyechelewa."

Maana ilikaa vizuri kabisa katika mshororo. Majirani zake wawili, walioketi naye mkeka mmoja, wakatikisa vichwa: ndiyo, ni chakula. Ilikuwa Alhamisi, na kesho yake Msimamizi alikuwa akingoja kadi. Nikaandika majina matatu nyuma ya kadi, kana kwamba nimewauliza mbalimbali. Hilo sikumwambia mtu kwa miaka mingi.

Wimbo ulichapishwa katika kitabu cha nyimbo cha shule, na mwishoni mwake sherehe yangu: "Kidengwe: chakula anachowekewa mtu aliyechelewa." Nilinunua nakala tatu kwa pesa zangu. Nikarudishwa Malindi, kadi zikahamishiwa kwenye kompyuta, Mhariri Mkuu akastaafu, akaja Mkurugenzi mwenye tai. Nami nikazeeka.

Mwezi wangu wa mwisho kazini tulikuwa tukitayarisha chapa ya pili ya kitabu kile. Ndipo aliponipigia simu Zuhura, binti wa Bi Mwanaheri, anayepika kwenye mkahawa wa pale kwenye daraja la mikoko.

"Mzee, mama hali chakula sawasawa," alisema. "Tangu wanangu walipomsomea kile kitabu chenu hana raha. Anasema yule mgeni wa maneno aje."

Nilikwenda siku iliyofuata. Nilimkuta amekaa kitandani, amekuwa mdogo sana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Nilikudanganya."

Nikakaa.

"Neno lile sikulijua maana yake," akasema. "Mama yangu aliliimba, nami nikaliimba, wala sikuwahi kumuuliza. Wewe umekuja kwangu kutoka mbali, umeshika penseli, nikuambie sijui? Kwangu mgeni hatoki bure. Nikakupa la kukupa. Na wale wenzangu wangeniaibisha mbele yako? Wakaitikia." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Sasa wajukuu wanasoma uongo wangu kitabuni. Nitamtazamaje mama yangu huko niendako? Wimbo wake ameniachia mimi, nami nimeuharibu."

Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Yeye alilia kwa neno moja alilolisema kwa ukarimu. Mimi nilighushi mashahidi na kulala vizuri. Kuuliza tena nisingeweza, maana ningepewa maana nyingine nzuri vilevile. Nikamuuliza Zuhura kama kuna usumba ndani ya nyumba. Akaleta kikapu cha zamani kutoka uvunguni.

"Sitaki maana, bibi," nikasema. "Nisokotee kamba tu, na uimbe."

"Mikono inaniuma."

"Kidogo tu."

Akavuta nyuzi, akaziweka pajani, akaanza. Sauti ilikuwa nyembamba lakini mkono ulikwenda wenyewe. Alipofika "kidengwe" kiganja kikasimama. Akaacha ncha ya nyuzi bila kuisokota, akachukua fungu jipya, akalilaza juu ya ncha ile, akaendelea. Nikamwomba arudie. Akarudia, na kiganja kikasimama palepale. Mara ya tatu niliinama karibu na mkono wake.

"Bibi, hapo umeacha nini?"

"Nimeacha kimkia, cha kuungia nyuzi zinazofuata. Ukisokota ukamaliza zote, nyingine zitashika wapi? Kamba itakatika."

"Na mama yako alipofika hapo aliimba nini?"

Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Kidengwe," akasema taratibu. Kisha akalia kwa sauti, na katikati ya kilio akacheka. "Zuhura! Kumbe nalijua! Siku zote nalijua!"

Zuhura naye akalia, nami sikubaki nyuma. Jioni ile bibi alikula wali sahani nzima.

Mkurugenzi hakufurahi. "Kwanza ulituletea chakula, leo unatuletea kimkia," alisema. "Shahidi wako ni yule yule mmoja, na amekiri alidanganya. Maana ya kwanza ina mashahidi watatu."

"Haina hata mmoja," nikamwambia. "Niliwauliza mkeka mmoja, kwa pamoja. Majina yale niliyaandika kinyume cha utaratibu."

Alivua miwani. Kwa wiki nzima nilizunguka kutafuta wasokota kamba wengine wa kushuhudia, hadi Kikambala, lakini kila mahali nilionyeshwa kamba za nailoni. Nikarudi mikono mitupu. Nikamwomba Mkurugenzi jambo moja tu kabla sijaondoka, nalo akalikubali kwa shingo upande. Katika chapa ya pili limeandikwa hivi: "Kidengwe: ncha ya nyuzi inayoachwa bila kusokotwa ili ziungiwe nyingine; maana hii ina shahidi mmoja. Maana ya chapa ya kwanza ilikuwa kosa la mkusanyaji." Hapo chini kuna jina langu kamili. Katika hafla ya kuniaga hakuna aliyeligusia, na keki ililiwa haraka haraka.

Kitabu nilikipeleka Dabaso mwenyewe. Zuhura alisoma kwa sauti, mama yake akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Mbona umejitwika wewe?" Bi Mwanaheri akauliza.

"Kwa sababu ni langu."

Alinipa kipande cha kamba alichosokota siku ile, kirefu kama mkono, na mwisho wake ameuacha wazi. Kimetundikwa juu ya meza yangu.

Sasa nimestaafu na ni zamu yangu kuulizwa. Juzi alikuja binti mmoja anayesoma chuo kikuu cha Kilifi, ana kinasa sauti na adabu nyingi, akaniuliza neno lililomo katika wimbo wa kubembeleza wa bibi yake. Sikuwa nimewahi kulisikia. Lakini maana ilinijia papo hapo, nzuri, inayokaa katika mshororo, na ulimi ukaniwasha. Mtoto wa watu ametoka mbali, nami ndiye mzee wa maneno. Ndipo nilipomwelewa Bi Mwanaheri hadi mwisho.

"Sijui," nikamwambia.

Uso wake ulisawijika, nami roho iliniuma kweli. Nikamwambia arudi kwa bibi yake, asimuulize kitu, amwombe tu ambembelezee mtoto, kisha aitazame mikono. Akaandika. Alipoinuka nilimfungia mahamri sita kwenye karatasi, maana kwangu pia mgeni hatoki bure.