Mama aliniita kutoka kambini kwa msiba ambao haukuwepo

Admin, ficha jina langu, lakini hasira yangu usiipunguze hata neno moja. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, naishi hapa Toronto, mtaa wa Flemingdon, na mama yangu mzazi, sisi wawili tu. Nilizaliwa Kigoma nikalelewa na bibi, mama yake mama, mpaka nilipofika miaka kumi na mbili ndipo mama akanileta huku. Naanza na bibi kwa sababu yote haya yanamhusu yeye.

Chuoni niko timu ya skii. Najua mtacheka, chekeni. Si ile ya kuporomoka mlimani. Yetu ni ya masafa marefu, unajisukuma mwenyewe kwa miguu na fimbo, kilomita baada ya kilomita, mpaka kifua kinawaka. Mwaka juzi nilikuwa hata kusimama sijui, naanguka kama gunia. Msimu huu nimefika wa tano kwenye timu. Sasa kila chuo kikifungwa mwezi wa kumi na mbili, timu inapiga kambi kaskazini kufuata theluji ya mapema, na siku ya mwisho kuna mchujo. Sita wa kwanza ndio wanaoshindana Januari. Mwaka huu mchujo uliangukia siku moja baada ya Krismasi, na hapo ndipo ugomvi na mama ulipoanza.

"Krismasi utaila porini na wazungu? Kanisani niwaambie nini?" Kwaya yao ilishashona vitenge vipya, na mama alishawaahidi kwamba mimi ndiye nitaanzisha wimbo. Aliahidi bila kuniuliza! Nikamwambia mama, mwaka huu hapana. Akarudi jikoni kwake. Nikadhani ameelewa, kumbe wapi.

Siku ya nne kambini, asubuhi tuko mezani tunakunywa uji, simu ikaita. Mama. Sauti ya chini, ya upole, sauti ambayo mama yangu hana. "Mwanangu, bibi yako hajisikii vizuri. Usilie. Funga mizigo uje nyumbani, mengine tutaongea ukifika."

Jamani, nyie mnajua maana ya maneno hayo. Kwetu nani anatangaziwa msiba kwenye simu akiwa mbali? Unaambiwa mgonjwa hali si nzuri, unaitwa, ukifika unakuta watu wamekaa. Babu alipofariki, mama mwenyewe aliambiwa hivyohivyo, nilikuwepo. Basi sikuuliza kitu. Nilikaa sakafuni na viatu vya skii miguuni nikalia mpaka kocha akaja, nikamwambia bibi yangu amekufa. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu.

Kocha, mama mmoja mkimya sana, alinikumbatia. Mwenzangu wa chumbani, tumwite Klara, alinifungia begi, akanipeleka na gari mpaka kituo cha basi, akasimama kwenye baridi mpaka basi likaondoka. Masaa matano nilikuwa nalia tu. Simu ya bibi sikuipiga. Nani anapiga simu ya marehemu?

Nafungua mlango nikitegemea kukuta watu wa kanisani. Nakutana na harufu ya maandazi. Mama yuko jikoni anakaanga, na kwenye sofa kitenge changu kimeshapigwa pasi. "Umefika? Hebu kijaribu tuone kama kinakutosha."

Nikamuuliza bibi amefariki saa ngapi. Akashika kiuno. "Toba! Nani kasema kafa? Nimekwambia hajisikii vizuri. Ana mafua."

Mafua! Nikampigia bibi palepale. Akapokea, mzima, anapiga chafya zake. Nikaangua kilio. Akasema, "We mtoto, mbona unanililia kama nimekufa?" Mama alisikia. Akageukia maandazi yake.

Kumzushia mtu aliye hai kifo ni uchuro, na mama ndiye alinifundisha hivyo. Halafu amemzushia mama yake aliyemzaa, kwa ajili ya kitenge! Kambini niliona aibu kurudi, ningewaambia bibi amefufuka? Krismasi nilikivaa, nikasimama mbele na kwaya, sikufungua mdomo. Wakaanzisha wimbo bila mimi. Mama hakunisemesha siku mbili, na mimi nilishukuru.

Sasa balaa lenyewe ni hili. Kadi ya rambirambi imekuja kwa posta, timu nzima wamesaini, na jina la bibi yangu limeandikwa juu kwa mkono wa Klara. Kocha ameniandikia nisijali mchujo, nafasi yangu kaniwekea, nimjibu kabla ya Ijumaa. Aliyeshika nafasi ya sita siku ya mchujo, mimi nikiwa sipo, ni Klara. Ndiye anayetolewa ili niingie mimi, na mwenyewe kanitumia ujumbe: "Nenda ukimbie kwa ajili ya bibi yako."

Mama anasema, "Umepewa nafasi, shukuru Mungu unyamaze. Ukienda kuniaibisha kwa wazungu, usiniite mama tena." Na nikisema ukweli, nitaueleza vipi? Nani pale ataelewa kwamba niliambiwa "hajisikii vizuri" nikasikia msiba? Wataniona mwongo mimi. Nikinyamaza, nitamtazama vipi Klara machoni?

Nishaurini jamani, ila "mama ni mama" msiniandikie, nimeshaisikia ya kutosha. Bibi ana miaka themanini na mbili. Ipo siku simu itaita, na mama atasema kwa sauti ileile, "Mwanangu, bibi yako hajisikii vizuri." Siku hiyo nitafunga mizigo, au nitauliza kwanza ni kitenge cha nani?